Maziwa ya Mapafu

Kila mtu mtaani hapa akipata mbwa, siku ya pili yuko mlangoni kwangu. Hamji kunisalimia, najua. Mnakuja kuniuliza mtoto wa mbwa anakula nini, na mkishajibiwa mnaondoka hata chai hamngoji. Haidhuru. Nimestaafu, miguu imeniacha, mdomo ndio pekee unaofanya kazi kama zamani. Leo nitasema mara moja kwa wote, na nitasema hata yale ambayo huwa nayaruka. Juzi nimemwona mmoja wenu akirusha pafu bichi la mbuzi uani kwake. Watoto wa mbwa wanaling'ang'ania, na mtoto wake wa kumzaa ameketi hapo hapo kwenye vumbi, anacheka. Ndiyo maana leo siruki kitu.

Jina langu Ekal. Nilifanya kazi katika karantini ya ng'ombe nje ya mji wa Isiolo, tangu miaka ya sabini nikiwa kijana wa mbavu nje. Ng'ombe walinunuliwa huko juu, Merti, Korbesa, Biliqo, wakaletwa kwa miguu, wakakaa kwetu wachunguzwe magonjwa kabla ya kupelekwa Kenya. Ndivyo tulivyosema, "kupelekwa Kenya," kana kwamba sisi tuko nchi nyingine, na miaka ile ulikuwa huwezi kumlaumu mtu kwa kufikiri hivyo. Ng'ombe wengi wakikaa mahali pamoja, fisi wanapata habari kabla ya mwenye duka. Simba nao wanasikia, na wezi wenye bunduki. Kwa hiyo tulifuga mbwa, kundi zima, na mbwa wanazaa, na wanaozaliwa lazima walelewe mpaka waweze kusimama mbele ya fisi.

Kazi yangu iliandikwa mchungaji. Ukweli ni kwamba nilikuwa mpishi wa mbwa. Mama yangu alifariki akiwaambia majirani kwamba mwanawe yuko serikalini, na hakuongeza neno.

Aliyenifundisha ni Mzee Lokwawi. Alikuwa Mturkana kama mimi, amehamia Isiolo zamani, mrefu, mkavu, na alipenda mbwa kuliko alivyopenda wakubwa wa kazi. Mbwa wetu mmoja alimpa jina la Disii. Siku moja DC mwenyewe, mkuu wa wilaya, akaja kukagua karantini, tumepangwa mstari, mashati yamefungwa vifungo, na mbwa yule akaenda kwenye shimo la mavi. Mzee alisahau mgeni ni nani akaita kwa sauti, "Disii, toka kwa hiyo uchafu." Yule bwana aligeuka. Sisi wengine tulitazama milima kana kwamba ndiyo kwanza tunaiona.

Huyo ndiye mwalimu wangu, na mengi aliyonifundisha bado ni kweli. Shikeni hapa.

Mtoto wa mbwa akiwa bado ananyonya, usimguse na chakula chako. Akianza kufungua macho na kutambaa kuelekea bakuli la mama yake, hapo ndipo unaanza na uji. Uji mwembamba wa mahindi, uliopoa, wenye maziwa ya mbuzi. Usimwage kwenye bakuli ukaenda zako. Chovya kidole, mpe alambe, mpaka ajue kwamba chakula kinakaa chini na si kwenye chuchu. Mpe kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku. Nyinyi mnamjazia asubuhi kama debe, tumbo linafura, mnamsifu eti ameshiba. Yule ana minyoo. Aliyeshiba vizuri, ukimpapasa mbavu unazisikia kwa vidole lakini ukimtazama huzioni. Mzee Lokwawi alifumba macho na kumshika mtoto wa mbwa mmoja mmoja, akasema huyu ongeza, huyu punguza, na hakukosea.

Chakula usikibadilishe ghafla. Leo uji, kesho nyama tupu, keshokutwa utakuwa unaosha sakafu. Mifupa ya kuku iliyopikwa inavunjika na kuwa sindano, kwa hiyo weka mbali. Mabaki ya hotelini yana chumvi na pilipili, hata kama mwenye hoteli anakuambia ni mazuri. Na mbwa akikataa kula nusu siku usilie, hata wewe kuna siku huna hamu.

Kosa moja tulilifanya wote, mimi na mzee, mwaka ule wa ukame mbaya sana, ng'ombe walipokuwa wakianguka njiani kutoka Merti kabla hawajatufikia. Nyama ilikuwa bure kila mahali. Mahindi ndiyo yalikuwa adimu, na mtu anayempa mbwa unga wakati ule angepigwa mawe, na mimi ningeokota jiwe la kwanza. Basi watoto wa mbwa walikula nyama tupu, nyama nzuri, nyekundu. Tulifurahi. Baada ya muda tukaona miguu ya mbele inapinda. Walikuwa na miili mikubwa ya simba juu ya miguu ya kiti kibovu, na wengine walivunjika mifupa kwa kuruka tu kizingiti. Nyama peke yake haijengi mfupa, vijana. Tangu siku ile nikawa nachoma mifupa mpaka inakuwa myeupe, naiponda kwa jiwe, nachanganya unga wake kidogo kwenye chakula. Waliofuata miguu ilinyooka. Wale wa kwanza tuliwapiga risasi, kwa sababu mbwa asiyeweza kukimbia, fisi humla akiwa hai.

Nilikuwa nataka kuishia hapo, kama kila siku. Lakini nimeahidi.

Nyama ya mbwa tuliipata kichinjioni. Mchinjaji mkuu pale alikuwa Galgalo, Mborana, Mwislamu mwenye dini yake, ambaye mbwa akimgusa kwa pua mbichi alikwenda kujiosha na mchanga na maji huku akinitazama mimi kana kwamba ndimi niliyemlamba. Nilimpa salaam aleikum kwa mbali, ananijibu, halafu ananitupia juu ya ua kile ambacho mkaguzi wa nyama amekikataa. Mara nyingi yalikuwa mapafu na maini yenye mifuko ya maji. Nyinyi mmeiona, kama mmewahi kuchinja mbuzi wa kwetu, au ngamia. Ni uvimbe mweupe ndani ya pafu, umejaa maji safi, mwingine mdogo, mwingine wa ukubwa wa ngumi. Ukiupasua, ndani kuna ngozi laini nyeupe inayoteleza, kama ute wa yai lililochemshwa nusu.

Mzee Lokwawi aliita ile ngozi maziwa ya mapafu. Hekima yake ilikuwa hii, na naieleza ili mwone jinsi ilivyoonekana kuwa na akili. Mtoto wa mbwa anayeacha kunyonya hana meno ya kutafuna. Nyama inamshinda, uji haumtoshi. Sasa Mungu amekuwekea ndani ya mnyama mfuko laini, umejaa maji, unaomezwa bila kutafunwa. Je, si amekutengenezea ziwa la pili la kunyonya? Kwa hiyo mbwa wakubwa walipata pafu lenyewe, na mifuko tuliitenga kwa watoto. Mzee alijifunza kwa baba yake, na baba yake kwa mtu mwingine. Watoto wa mbwa waligombania ile mifuko, wakanona, manyoya yakang'aa. Hakuna hata mmoja aliyeugua. Nimekaa na jambo hili miaka mingi na bado linanikasirisha, kwamba mbwa hawakuugua. Wangeugua tungejua.

Nyumba ya Mzee Lokwawi ilikuwa hatua chache tu kutoka kwenye banda la mbwa. Alikuwa na mke, Mama Atabo, na binti mmoja, Atabo. Nilipoanza kazi mtoto huyu alikuwa anatembea kwa kuyumba. Alipozaliwa, mbwa jike wa nyumba ndiye aliyekuwa akimlamba kumsafisha akishajisaidia, kama ilivyokuwa katika nyumba nyingi za kwetu. Msikunje nyuso. Mama anachota maji kwenye shimo la mchanga umbali wa nusu siku, maji yenyewe ni ya kunywa, na mbwa yuko pale, ana ulimi, anampenda mtoto. Ungefanyaje? Mbwa wa namna hiyo alichaguliwa kwa makini, mpole kabisa, na alilishwa vizuri kuliko wengine ili asije akatamani kumng'ata. Mnaelewa alilishwa nini.

Atabo alikua ndani ya banda. Mchana wa jua kali alilala katikati ya watoto wa mbwa, hujui mkono wa nani ni upi. Walimlamba mdomo, akawalamba na yeye, kwa mzaha. Nilimpenda yule mtoto na nasema wazi. Alikuwa mcheshi, mkaidi, akaenda shule akaniletea Kiingereza chake cha kwanza ili anifundishe mimi, na nilipokosea alinikoromea kama mwalimu wake.

Miaka ikapita. Mwanzoni mwa miaka ya themanini akaletwa kwetu daktari wa mifugo mpya, Mmeru mmoja mtaratibu. Wiki ya kwanza tu alinikuta nikitenga mifuko kwa watoto wa mbwa. Hakunigombeza. Alichukua kijiti akachora mchangani mbuzi, mbwa na mtu. Akasema ndani ya utumbo wa mbwa kuna mnyoo mdogo kuliko punje ya mchele, na mbwa haumwi naye. Mayai yake yanatoka na mavi, yanashika kwenye manyoya, kwenye ulimi, kwenye vumbi. Mbuzi akiyameza na majani, yanaota mfuko wa maji ndani yake. Mbwa akila ule mfuko, mnyoo unarudi kwake. Kisha akaweka kijiti juu ya mtu. Mtu akiyameza, akasema, yanaota vilevile, polepole, miaka mingi, hasa akiyameza akiwa mtoto. Akaniagiza nisimpe mbwa yeyote pafu wala ini bichi tena. Nichemshe mpaka liive hadi katikati, na mifuko nichome moto.

Nilianza kuchemsha. Kuni zilikuwa taabu, watu wakacheka. Mzee Lokwawi alicheka kuliko wote. Aliniambia mbwa wangu watataka na meza, na kwamba baba yake alikufa mzee na meno yote mdomoni na hakuwahi kumpikia mbwa. Mtu hamjibu mzee wake. Lakini niliendelea kuchemsha, na akawa hapiti tena karibu na jiko langu. Tukawa tunafanya kazi pamoja na hatusemi.

Ndipo tumbo la Atabo lilipoanza kuonekana.

Alikuwa darasa la saba, msichana mkubwa tayari, na tumbo lilipanda upande wa kulia, juu, chini ya mbavu. Lakini nani anatazama upande? Watu waliona msichana na wakaona tumbo. Bombani wanawake waliacha kuongea akifika. Shuleni wakamwambia akae nyumbani kwanza. Vijana wakaanza kuhesabu ni nani kati yao. Mzee Lokwawi alimwuliza jina la mwanamume. Atabo akasema hakuna. Aliuliza tena jioni ile, na kesho yake, na kila siku, na jibu likawa lile lile. Atabo alikuwa ametabiriwa makubwa na walimu, na baba yake alikuwa ameshatembea karantini nzima akituambia kwamba binti yake ataandika barua za wakubwa. Sasa alitembea akitazama chini, na aibu ile ikageuka hasira, kwa sababu hasira inabebeka.

Kilichonishtua mimi ni muda. Mimba ina mwisho wake. Wakati wa kuzaa ulifika, ukapita, hakuna kilichozaliwa. Mtu angefikiri sasa watamwacha. Wapi. Wakasema amefungwa na mchawi, wakasema amezaa porini na amebeba nyingine. Atabo mwenyewe alikuwa amekonda mikono na uso, anakohoa, na tumbo liko pale pale. Siku moja alikuja jikoni kwangu akakaa kwenye jiwe, nikaona anavyoshikilia ubavu wa kulia akivuta pumzi. Nikakumbuka kijiti cha daktari juu ya mtu. 

Nilimfuata mzee zizini siku hiyo hiyo. Nilimsalimu kwa heshima zote, kisha nikasema.

"Mzee, hii tumbo si ya mtoto. Ni ugonjwa. Ni ile mifuko. Tumpeleke hospitali."

Alisimamisha fimbo yake chini.

"Wewe umejua aje kama si ya mtoto?" akasema. "Umejua aje, Ekal? Ama ni wewe?"

Nilikuwa nimekula nyumbani kwake tangu ujanani. Nilitaka kumwelezea habari ya mnyoo, mayai, mbuzi, lakini alikuwa ameshika fimbo, na kila neno langu kuhusu tumbo la binti yake lilikuwa linamthibitishia alichofikiri. Nikaondoka. Sikwenda nyumbani. Nilizunguka zizi nikaenda moja kwa moja kwa Mama Atabo, nikamweleza yote, mimi nimesimama nje na yeye ameketi mlangoni akichambua maharagwe. Hakuniuliza nimejuaje. Aliuliza, "Tunaenda lini?" Nikamwambia gari la karantini linapanda mlimani Jumatatu kuchukua dawa ya ng'ombe, na dereva ni mtu wangu, atawachukua mpaka hospitali kubwa ya huko. Alikubali. Akafunga nguo za binti yake kwenye kitambaa siku hiyo hiyo.

Jumapili, watu wakitoka kanisani, mwanamke mmoja alimpa Mzee Lokwawi pole. Ni hivyo tu, pole mzee kwa mambo ya nyumbani. Alikwenda nyumbani akakuta kile kitambaa cha nguo kimefungwa. Akasema binti anatoroka kwenda kwa mwanamume wake. Mama Atabo alijaribu kusimama katikati. Mimi nilisikia kelele nikiwa kwenye banda la mbwa, nikakimbia, nikafika nimechelewa. Mzee alikuwa amempiga binti fimbo nyingi za mgongo na miguu, na moja ilimpata tumboni alipogeuka.

Sijawahi kuona kitu kile tena, na nimeona watu waliokanyagwa na ng'ombe. Atabo alikaa chini taratibu, akasema anawashwa. Mwili wote ukatoka mabaka. Macho yakavimba yakafumba, na pumzi ikawa inaingia haitoki. Baba yake alitupa fimbo akawa anamwita jina, anamwambia inuka, basi, inuka, nimeacha. Tulimpakia kwenye gari la karantini bila kungoja ruhusa ya mtu. Nilikaa nyuma nimemshikilia kichwa njia nzima ya kupanda mlimani, na mama yake ameshika miguu.

Walimpasua. Daktari alitoka baadaye akatuambia ndani ya ini kulikuwa na mfuko mkubwa wa maji ambao ulipasuka kwa ndani, na mingine midogo mingi, na maji yale ndiyo yaliyomfunga pumzi. Alisema ungetolewa mzima, huenda angepona. Hakuwa na mimba. Hakuwa amejua mwanamume. Atabo alifariki kabla jua halijatua, na hakuwa amefungua macho tena.

Mzee Lokwawi alimwomba daktari ampe mfuko mmoja. Daktari hakuelewa. Mzee akasema, "Nipe hiyo kitu iliua mtoto yangu, niende nayo." Mwishowe walimtilia mfuko mmoja kwenye chupa ya jemu, wakamwaga dawa juu, wakafunga kifuniko.

Baada ya mazishi alianza kutembea. Nilimfuata kwa nyuma kwa sababu niliogopa atajidhuru. Alikwenda nyumba hadi nyumba, akianza na wale wa karibu, na kila mlango alisimama, akatoa ile chupa chini ya shuka, akainyanyua ili mwanga upite.

"Mlisema Atabo ana mtoto," akasema. "Huyu hapa. Mwangalieni mzuri. Mniambie anafanana na baba gani."

Alisema maneno hayo hayo kila mahali, bila kupandisha sauti. Wengine walifunga milango. Wengine walilia, na yeye alingoja wamalize kulia, akasonga mbele. Yule mwanamke wa kanisani alipiga magoti kwenye vumbi. Mzee alimpita kama mtu anayepita kisiki. Bombani aliisimamisha chupa juu ya bomba lenyewe, na wanawake wakaacha madumu yao wakarudi nyumbani bila maji. Alikwenda mpaka kichinjioni. Galgalo alitazama, akatambua ni nini kabla hajaambiwa, akasema inna lillahi, akaketi chini na kisu chake mkononi. Tangu siku ile hakunitupia tena ile mifuko juu ya ua. Alikuwa akiikata mwenyewe anaitia motoni, na aliwafundisha waliokuja baada yake. Kama kichinjio cha leo kina shimo la kuchomea, lilianza na Galgalo.

Mwisho mzee alikuja kwangu jikoni. Sufuria kubwa ilikuwa inachemka, mapafu, na watoto wa mbwa wananizunguka. Alikaa kwenye jiwe la Atabo. Hakuomba msamaha kwa lile neno alilonitupia zizini na mimi sikuwa nautaka. Nilimwambia, kwa upole nilioweza, kwamba chupa ile haiwezi kukaa. Ikivunjika, mbwa akala, tutaanza upya. Lazima ichomwe, na moto uko hapa.

Alikubali kwa kichwa. Alinyoosha mkono anipe, halafu akaurudisha.

"Ngoja," akasema. "Bado nyumba moja."

Sikuelewa ni ipi. Nilikuwa nimehesabu milango yote pamoja naye. Aliinuka akaelekea nyumbani kwake, na mimi nikasimama kando ya ua, kwa sababu sikuwa na haki ya kusogea zaidi. Mama Atabo alikuwa ameketi mlangoni. Alikuwa amenyoa kichwa na kuvua shanga zote, na shingo yake ilionekana nyembamba sana bila zile shanga. Mzee alisimama mbele yake. Akatoa chupa, akaiinua kama alivyoiinua kila mahali, akafungua mdomo. Maneno aliyoyasema mji mzima hakuyarudia. Alisema tu, "Mama Atabo, angalia. Haikuwa mtoto."

Mama Atabo hakuitazama chupa. Alimtazama yeye.

"Mimi usinionyeshe," akasema. "Mimi aliniambia hakuna mtu, nikamwamini."

Hakumtukana, wala hakulia mbele yake. Aliinuka, akaingia ndani, akarudisha mlango polepole, na Mzee Lokwawi akabaki pale nje ameinua mkono.